Je, Nisubiri Kuchaguliwa? Maisha ya David Livingstone

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Efe. 1:3-12, Yn. 6:37-44; 1 Tim. 2:3-6, Rum. 2:12-16, Yos. 24:14, 15, Mt. 28:18-20, Yak. 4:13-15, Flp. 2:12, 13.

Kila darasa linapofika kwenye Warumi 9 au Waefeso 1, swali hili huzuka. Kama Mungu alituchagua katika Kristo kabla ya ulimwengu kuumbwa, je, jina langu limo? Kama halimo, kuomba kuna faida gani? Kama limo, nihangaike kwa nini? Mara nyingi mwalimu hutazama saa, husema ni siri ya Mungu, na darasa huhamia fungu linalofuata. Juma hili hatutahama upesi hivyo.

Swali lenyewe halikai kanisani tu. Sisi tunaoishi Mkata, kando ya barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Chalinze, tunalisikia kila gari linapopinduka. Hata kama dereva alikuwa akikimbiza gari kupita kiasi, msibani watasema siku za marehemu zilikuwa zimefika, ilikuwa imeandikwa. Mkulima ambaye mahindi yake yamekauka husema ni kudra. Watu wa dini zote husema hivyo, na Waadventista hatuko nyuma. Mfiwa akisema hivyo si wa kukemewa. Neno hilo humtuliza. Lakini likizoeleka humfanya Mungu kuwa mwandishi wa kila baya, na mwanadamu kuwa mzigo unaobebwa tu.

Wakristo wamelibishania jambo hili kwa karne nyingi. Augustino wa Hippo, katika Afrika ya Kaskazini, alipambana na mafundisho ya Pelagio mwanzoni mwa karne ya 5. John Calvin alifundisha kwamba Mungu aliamua tangu milele nani ataokolewa na nani atapotea. Jacobus Arminius, mchungaji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1609, alijibu kwamba neema hutangulia kwa kila mtu, lakini mtu aweza kuikataa; Sinodi ya Dort (1618–1619) iliwahukumu wafuasi wake. John Wesley alisimama upande wa Arminius, na kwa njia ya Wamethodisti mafundisho hayo yaliwafikia waanzilishi wa kanisa letu. Ellen White mwenyewe alilelewa katika nyumba ya Kimethodisti.

Wabishi hao wametajwa vya kutosha. Juma hili tutamfuata mtu ambaye hakuandika kitabu cha kubishania uteule, ila ubishi huo nusura umwibie ujana wake. Mwili wake ulibebwa mabegani mpaka Bagamoyo, mji ambao msafiri wa kutoka Mkata huufikia kwa kukata kona Msata.

JUMAPILI: Kijana Aliyesubiri

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti. Wazazi wake na watoto waliishi katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofika miaka 10 naye aliingizwa kiwandani, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wa juma lake la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baadaye alizoea kuweka kitabu juu ya mashine ya kusokotea nyuzi, akisoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku.

Baba yake, Neil, alikuwa muuza chai na mwalimu wa shule ya dini ya watoto. Alikuwa mcha Mungu, tena mkali. Alitaka mwanawe asome vitabu vya ibada. Mwana alipenda vitabu vya sayansi na vya safari. Siku moja David alikataa katakata kusoma kitabu cha William Wilberforce juu ya Ukristo wa kweli, akachapwa. Yeye mwenyewe alikumbuka kuwa hiyo ndiyo fimbo ya mwisho aliyopata kwa baba yake, na kwamba kwa miaka kadhaa baadaye aliendelea kuvichukia vitabu vya dini. Mzazi anayesoma somo hili na asimame hapa kidogo. Neil alikuwa na kitabu kizuri mkononi, na nia njema, lakini fimbo haikuzaa imani.

Jambo zito zaidi lilikuwa moyoni mwa kijana huyo. Uskoti ya siku zile ilikuwa imelelewa kwa Ungamo la Westminster, ambalo hufundisha kwamba wengine wameteuliwa kwa uzima na wengine wameachwa. Akiwa na miaka karibu 12, David alianza kujiona mwenye dhambi na kuhitaji msamaha. Alisikia Injili ikitolewa bure, lakini hakuthubutu kuipokea. Alidhani lazima kwanza Roho Mtakatifu alete badiliko la ajabu ndani yake, liwe ishara kwamba naye ni mmoja wa wateule. Basi akangoja. Alijitazama ndani, siku baada ya siku, akitafuta dalili. Dalili haikuja. Mwishowe, kama alivyoeleza alipoomba kazi ya umisionari, hisia zake zilififia na moyo ukawa mgumu.

Tazama jinsi hatari hiyo ilivyo ya hila. Kijana hakuasi. Hakumkataa Kristo kwa kinywa. Alikuwa na adabu ya kumngoja Mungu, na kwa adabu hiyo hiyo akawa anaukataa msalaba, kwa sababu alitafuta tumaini ndani yake mwenyewe wakati tumaini lilikuwa limekwisha kutolewa Kalvari.

Alipokaribia miaka 20 alipata kitabu cha Thomas Dick, Mskoti aliyependa elimu ya nyota na Biblia kwa pamoja. Kitabu hicho kilimwondolea hofu kwamba sayansi na imani ni maadui. Katika kipindi hicho hicho aliliona jambo ambalo alikuwa akilijua kichwani tangu utoto: kwamba dhabihu ya Kristo ni yake yeye binafsi, na kwamba anapaswa kuipokea sasa, kama alivyo. Karibu na wakati huo baba yake naye aliliacha kanisa la taifa na kujiunga na kanisa la kujitegemea huko Hamilton, ambako wokovu ulihubiriwa kama zawadi iliyo wazi kwa kila asikiaye.

Soma Waefeso 1:3-12. Hesabu ni mara ngapi Paulo anasema kwamba tumechaguliwa katika Kristo, au ndani yake. Mungu hakuketi na orodha mbili za majina. Alimchagua Mwanawe awe njia ya wokovu, na aliye ndani ya Mwana amechaguliwa pamoja naye. Kisha soma Yohana 6:37-44. Ni kweli hakuna ajaye asipovutwa na Baba. Lakini Yohana 12:32 inaonyesha ni wangapi wanaovutwa na Kristo aliyeinuliwa. Hamu ile ya kusamehewa iliyomsumbua David akiwa na miaka 12 ndiyo kazi ya Roho aliyokuwa akiingoja. Alikuwa akivutwa, naye hakujua.

JUMATATU: Mlango wa China

Mwaka 1834 Livingstone alisoma mwito wa madaktari wamisionari kwa ajili ya China, akaamua kwenda. Alisomea utabibu Glasgow kwa fedha alizozipata kiwandani, akapokewa na Chama cha Misheni cha London. Kisha Uingereza ikaingia vitani na China kwa sababu ya biashara ya kasumba, na mlango ukafungwa. Wakati huo alikutana na Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman kusini mwa Afrika. Akaondoka kwa meli Desemba 1840.

Watu hupenda kusema kwamba Mungu aliileta vita ile ili Livingstone aje Afrika. Mimi siwezi kusema hivyo. Vita ya kuwalazimisha watu kununua kasumba ni dhambi, na Mungu si mtunzi wa dhambi (Yak. 1:13). Biblia husema jambo lililo kubwa kuliko hilo: kwamba hata wanadamu wanapoamua mabaya kwa hiari yao, Mungu hajaishiwa njia. Yusufu aliwaeleza hivyo ndugu zake (Mwa. 50:20). Wao walikusudia mabaya, na makusudi hayo yalikuwa yao kabisa. Mungu naye alikuwa na kusudi lake.

Huko nyuma Uskoti ubishi uliendelea kuwaka. Mwaka 1841, Livingstone akiwa ndio kwanza amefika Afrika, mchungaji kijana wa Kilmarnock, James Morison, aliondolewa katika kanisa lake kwa kufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote. Leo sisi tunalisema jambo hilo kila Sabato bila kufikiri kwamba kuna mtu aliwahi kupoteza kazi kwa ajili yake. Soma 1 Timotheo 2:3-6.

JUMANNE: Kiboko cha Sechele

Sasa twende kwa Sechele, mfalme wa Wakwena katika nchi ambayo leo ni Botswana. Hapa ndipo fundisho la hiari lilipopimwa.

Livingstone alipohubiri mbele yake kwa mara ya kwanza juu ya hukumu ijayo, Sechele aliomba ruhusa ya kuuliza, kama desturi yao ilivyokuwa. Alitaka kujua kama mababu wa mgeni huyo walizijua habari hizo. Alipoambiwa kuwa walizijua, akauliza kwa nini basi hawakuja kuwaambia mababu zake yeye, ambao wote walikufa bila kujua walikokwenda. Livingstone alieleza ugumu wa safari na umbali wa nchi. Ni jibu dhaifu, na nadhani alijua kuwa ni dhaifu.

Swali la Sechele tunalisikia hata hapa Handeni na Korogwe. Babu zetu waliofariki kabla ya jina la Yesu kutajwa katika nchi hii, Mungu atawafanyaje? Anayeshika fundisho la uteule wa Calvin anaweza kusema kuwa hawakuchaguliwa, na maneno yakaishia hapo. Biblia haimalizi hivyo. Soma Warumi 2:12-16. Mungu atamhukumu kila mtu kwa nuru aliyokuwa nayo, na Kristo, nuru halisi, humtia nuru kila mtu (Yn. 1:9). Hatuambiwi kwamba wote wataokoka. Tunaambiwa kwamba Hakimu hakumsahau hata mmoja, wala hakumnyima mtu yeyote mwaliko wa dhamiri. Lawama ya kuchelewa kwa habari njema inabaki mabegani mwa waliokuwa nayo wakakaa nayo.

Sechele alijifunza kusoma kwa bidii ya ajabu. Alfabeti aliijua kwa siku moja. Alikipenda hasa kitabu cha Isaya. Alipoona kwamba Livingstone anahubiri na watu hawaongoki, alimhurumia akampa shauri. Watu wangu, alimweleza, hawawezi kuamini kwa kuambiwa tu. Siku zote mimi huwafanya watende jambo kwa kuwapiga. Ukipenda nitawaita wakuu wangu, na kwa viboko vya ngozi ya kifaru tutawafanya wote waamini mara moja.

Livingstone alikataa. Pengine aliukumbuka mchapo wa baba yake kule Blantyre, hatuhitaji kubuni. Alimweleza mfalme kwamba mtu hawezi kuletwa kwa Mungu kwa njia hiyo. Sechele alishangaa. Kwake yeye mamlaka maana yake ilikuwa kulazimisha.

Hapo ndipo kiini cha somo la juma hili. Wengi wetu tunamwazia Mungu kama Sechele alivyowaza juu ya ufalme. Tunadhani mfalme asiyelazimisha ni mfalme dhaifu, kwa hiyo, ili kulinda heshima ya Mungu, tunasema kila kitu ameamua yeye, hata nani aamini. Lakini katika pambano kuu kati ya Kristo na Shetani, ndiye Shetani anayetumia nguvu. Mungu aliweka mti bustanini bila kuuzungushia ukuta. Yoshua alisimama Shekemu akawaambia Israeli wachague (Yos. 24:14, 15). Kristo anabisha mlangoni, na kitasa kiko upande wetu (Ufu. 3:20). Mungu aliyeziumba nyota hapungukiwi nguvu ya kuvunja mlango. Ameamua kutouvunja, na uamuzi huo ni sehemu ya ukuu wake.

Sechele alibatizwa tarehe 1 Oktoba 1848, baada ya kuwarudisha kwao wake zake wanne na kubaki na mmoja. Miezi michache baadaye mmoja wa wale wanawake alionekana ana mimba, na baba wa mtoto alikuwa Sechele. Livingstone alimzuia kushiriki Meza ya Bwana. Sechele aliungama na kuomba asiachwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka kumwacha Yesu. Livingstone alivunjika moyo, na muda si mrefu alianza safari zake za mbali. Katika maisha yake yote Afrika, huyo ndiye mtu aliyejulikana sana kuwa aliongoka kwa kazi yake, naye alimhesabu kuwa ameanguka.

Lakini Sechele aliendelea. Aliongoza ibada yeye mwenyewe, alifundisha watu wake kusoma Biblia, na habari ya imani ikasambaa kwa makabila ya jirani. Aliishi mpaka mwaka 1892. Wako wanahistoria wanaosema alieneza Ukristo katika sehemu zile kuliko mmisionari yeyote Mzungu wa wakati wake. Inapendeza kuona kwamba yule aliyependekeza viboko aliishia kuwafundisha watu herufi. Na inatupasa tuwe waangalifu kabla ya kumfuta ndugu aliyeanguka katika daftari la kanisa, kisha tukasema hakuwa mteule tangu mwanzo.

JUMATANO: Ukingoni mwa Luangwa

Januari 1856 Livingstone alikuwa akielekea pwani ya mashariki. Alipofika mto Luangwa unapoingia Zambezi, wenyeji walikusanyika na silaha, wanawake na watoto wakiwa wameondolewa. Ilikuwa dalili mbaya. Alifikiri kuvuka usiku kwa siri. Jioni ile alisoma Mathayo 28:18-20, kuhusu mamlaka yote aliyopewa Kristo na ahadi ya kuwa pamoja na watu wake. Akaona kuwa anayeahidi hivyo ni wa kuaminika, naye hana haja ya kukimbia gizani. Asubuhi alivusha watu wake kwa mtumbwi mmoja, yeye akabaki wa mwisho, akiwaonyesha wenyeji saa yake na kioo cha kuwashia moto kwa jua. Walivuka salama.

Hilo ndilo pumziko analolitoa Mungu mwenye enzi. Halikumfanya Livingstone alale. Alipanga uvukaji, alipima hatari, alisalimiana na watu. Soma Wafilipi 2:12, 13, uone jinsi Paulo anavyoziweka kazi hizo mbili katika sentensi moja bila kuona aibu.

Lakini imani hiyo hiyo ina upande wa hatari, na maisha ya Livingstone yanauonyesha wazi. Aliamini kwamba Mungu amemtuma kufungua Afrika, na taratibu alianza kuamini kwamba kila mpango wake ni mpango wa Mungu. Mkewe Mary, binti ya Robert Moffat, alirudishwa Uingereza na watoto mwaka 1852, akakaa huko zaidi ya miaka 4 katika dhiki na upweke. Chama cha Misheni cha London kilituma familia kwa Wakololo kwa kutegemea maneno yake. Mwaka 1860 Holloway Helmore, mkewe, watoto wao wawili na wengine kadhaa walikufa huko Linyanti, Livingstone akiwa hayupo kuwapokea. Mto Zambezi, aliosema utakuwa njia kuu ya meli, ulizuiwa na maporomoko ya Kebrabasa. Mary alirudi kwake akafa kwa homa huko Shupanga mwezi Aprili 1862. Hata mto Lualaba, aliodhani ni chanzo cha Nile, ulikuwa Kongo.

Mtu anayesema Mungu ameniambia, katika kila jambo, hawezi kusahihishwa na mkewe, wala na baraza la kanisa, wala na ramani. Soma Yakobo 4:13-15. Yakobo anatufundisha kutaja mapenzi ya Bwana ili tunyenyekee. Sisi mara nyingine tunayataja ili tusiulizwe.

ALHAMISI: Waliochagua Kubaki

Wazigua wanaosoma somo hili wanajua kwamba suala la kuchagua halikuwa fundisho la vitabuni tu katika nchi hii. Katika njaa za miaka ya 1830 watu wengi wa Uzigua walichukuliwa pwani na kuuzwa mpaka Somalia. Wazao wao walitunza lugha ya Kizigua kando ya mto Juba kwa zaidi ya miaka 150. Vita ya Somalia ya miaka ya 1990 ilipowafukuza, baadhi yao walirudi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Mtumwa ni mtu ambaye mwingine ameamua kila kitu kwa ajili yake. Ndiyo maana Biblia inapotaka kueleza wokovu hutumia neno ukombozi.

Mwezi Julai 1861, katika nchi ambayo leo ni Malawi, Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie na wenzao walikutana na msafara wa watumwa kwenye kijiji cha Mbame. Walinzi walikimbia. Watu 84, wengi wao wanawake na watoto, walifunguliwa kamba na miti ya shingoni. Kisha wakaambiwa wako huru kwenda watakako au kubaki. Wakachagua kubaki. Miongoni mwao alikuwamo mvulana Myao, Chuma.

Mwaka 1866 Livingstone alipoondoka Zanzibar kwenda bara kwa safari yake ya mwisho, Chuma alikuwa pamoja naye, na Susi, Mwislamu kutoka Shupanga. Tusiwafanye malaika. Mwaka 1868, wakiwa wamechoka kutembea, hao wawili walikuwa miongoni mwa waliokataa kumfuata kwenda ziwa Bangweulu. Aliwaacha wakae. Waliporudi kwake miezi kadhaa baadaye, aliwapokea, akiandika katika kumbukumbu zake kwamba hata yeye amechoka na ana kasoro zake. Huo ni uongozi wa namna tofauti na ule uliodumu kule Zambezi, ambako aligombana na karibu kila mwenzake. Nadhani alikuwa amejifunza.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, aliona wafanyabiashara wa watumwa wakiwafyatulia risasi watu, wengi wao wanawake waliokuja na bidhaa zao. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Livingstone hakusema ilikuwa imeandikwa. Aliandika jinsi alivyoona, na taarifa yake, iliyobebwa na Henry Morton Stanley baada ya wawili hao kukutana Ujiji, iliamsha hasira Uingereza.

Alikataa kurudi na Stanley. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikufa. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Watumishi wake wangeweza kumzika na kwenda zao. Hakuna aliyewaamuru vinginevyo. Mwajiri amekufa, mshahara hauna mlipaji, na kubeba maiti katika nchi za watu lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Walikaa kikao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mtumba. Walipofika karibu na Tabora walikutana na msafara wa Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Februari 1874, baada ya miezi karibu 9 na zaidi ya kilomita 1,500, walifika Bagamoyo. Huko walilipwa ujira wao na kuambiwa kazi imekwisha.

Je, ni nani aliyewachagua kwa kazi ile? Soma tena Yohana 15:16, halafu uwaangalie watu hao wakiinua mzigo wao kila asubuhi.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Ezekieli 33:11, Yohana 3:14-21, 2 Petro 3:9, Ufunuo 22:17.

Mnamo Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone alikuwa amekufa mwezi mmoja uliotangulia, na hakupata kujua. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa kutokana na hotuba yake Cambridge mwaka 1857, ilihamia Zanzibar na baadaye ikafika Magila na Korogwe. Miaka 30 baada ya Chitambo, mwaka 1903, wamisionari wetu Ehlers na Enns walianza kazi katika milima ya Upare, kaskazini kidogo ya hapa.

Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865. Susi hakubatizwa. Aliishi na Livingstone miaka mingi, alimsikia akisoma Biblia na kuomba, aliibeba maiti yake, na bado alibaki katika dini yake. Hakuna aliyemlazimisha, wala hatusomi kwamba aliachwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1886, miaka 13 baada ya bwana wake kufa, alibatizwa, akachagua jina la David. Alifariki Zanzibar mwaka 1891.

Maswali ya Kujadili: Darasani jadilini juu ya miaka hiyo 13. Je, mna jina la mtu mnayemwombea ambaye mmeanza kumhesabu kama asiyechaguliwa? Pia fikirini mfano huu: mtoto wa jirani amefariki kwa malaria baada ya kukaa nyumbani siku 4 bila kupelekwa zahanati, na mzee mmoja msibani anasema ilikuwa imeandikwa. Mama wa mtoto anakugeukia na kukuuliza kama ni kweli. Utamwambia nini siku ile, na utamwambia nini baada ya arobaini kupita?